Bustani ya Dodoma na viumbe wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wanaokuja kitaluni kununua miche. Wengi walihamia Dodoma kikazi na bado wana bustani za Moshi, Tanga au Mbeya kichwani. Wengine ni wenyeji ambao mama zao walilima maboga na kuchuma mlenda nyuma ya nyumba bila kumuuliza mtu. Tumeanza na ya msingi, ya nadra yako mwishoni. Mwenye haraka na chupa ya dawa mkononi aende kwanza swali la 10.

## Maji, udongo na majira

1. Dodoma ni kukavu. Bustani inawezekana kweli?

Inawezekana, ila haitakuwa bustani ya Lushoto. Mji uko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Wastani wa mvua ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na yote hunyesha katika msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni jua, na kuanzia Juni unaongezeka upepo. Anayepanda akilijua hilo anakula mchicha mwaka mzima. Anayeiga picha za mtandaoni anamwagilia nyasi mpaka bili ya maji imtie adabu, na nyasi zinakufa vilevile.

2. Nipande lini?

Miti na maua ya kudumu, panda mvua zikishashika, Desemba au Januari. Mizizi inapata miezi mitatu minne ya kushuka chini kabla ya kiangazi. Mti uliopandwa Juni hubaki mgonjwa wako wa kuhudumia kila jioni.

Mboga za kupenda ubaridi, kama chainizi, kabichi, karoti na vitunguu, hupendeza zaidi kati ya Mei na Agosti, usiku ukiwa wa baridi. Bamia, kunde, maboga na mlenda ni za masika, yaani msimu huo mmoja wa mvua. Nyanya zina shida kila msimu: wakati wa mvua ni ukungu, kiangazi ni wadudu (tazama swali la 13).

3. Maji ya kisima changu yana chumvi. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha ni chumvi kweli. Dalili ni ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na juu ya udongo, na majani yanayokauka kuanzia ncha na pembeni huku katikati yakiwa bado ya kijani. Watu wengi wakiona hivyo hudhani mmea una kiu, wakaongeza maji yaleyale. Hapo wameongeza na chumvi.

Acha kumwagilia kidogo kidogo kila siku. Maji kidogo hukauka juu na kuacha chumvi palepale kwenye mizizi. Mwagilia kwa kushibisha, mara chache zaidi, ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na kila chungu kiwe na matundu. Kisha chagua mimea inayovumilia: mtende, mkomamanga, bogenvilia, mshubiri na spinachi. Parachichi, maharage na jamii ya machungwa hazitaki chumvi, na parachichi ndilo la kwanza kuonyesha.

Dawa ya kweli ni maji ya mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kwa hiyo mvua moja ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 2,000, ukitoa zinazopotea njiani. Nyumba nyingi mjini humu hazina hata mfereji wa bati, na wenye nyumba ndio haohao wanaonunua maji ya boza mwezi wa tisa.

4. Maji ya kufulia na ya vyombo yanafaa?

Kwa miti, ndiyo, ukibadilisha mti leo huu kesho ule. Kwa mboga za majani, hapana. Sabuni ya unga ina madini ya sodiamu, na mwenye maji ya chumvi tayari anajiongezea tatizo la swali la 3. Maji yenye jiki usimwage kwenye mmea wowote.

5. Nimwagilie saa ngapi, na kiasi gani?

Kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Kiasi kinategemea udongo, na kipimo ni kidole: kikiingia mpaka kifundo cha pili na kukuta unyevu, mmea hauna kiu. Mti mchanga kiangazi ni heri upate ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki kuliko jagi moja kila siku. Maji ya jagi hulainisha vumbi la juu tu, na mizizi inabaki juujuu kuyafuata.

Kwenye kichanga chekundu tengeneza kitalu cha kuzama, yaani kilicho chini ya usawa wa ardhi kwa kiasi cha kiganja, ili maji yakae. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, unaopasuka kiangazi na kuganda viatuni masika, fanya kinyume chake: inua matuta wakati wa mvua, la sivyo mizizi itaoza. Kote kuwili tia samadi iliyoiva na funika kwa matandazo. Wanaoogopa matandazo kwa sababu ya mchwa wasome swali la 11.

6. Kwa nini miche ninayonunua Arusha au Lushoto inakufa nikiifikisha hapa?

Imekulia kivulini na kwenye ukungu wa asubuhi, nawe umeishusha kwenye gari na kuiweka juani Nzuguni saa 7 mchana. Iweke chini ya mti au neti ya kivuli kwa wiki moja, kisha ipe jua la asubuhi tu kwa wiki nyingine, ndipo uihamishie mahali pake. Ikinge na upepo pia. Upepo wa Julai hukausha jani haraka kuliko jua lenyewe.

## Mimea yenyewe

7. Naanza bila uzoefu. Nipande nini nisichokata tamaa nacho?

Mchicha. Ndani ya wiki nne unachuma. Baada ya hapo matembele, spinachi, pilipili na bamia. Kwa maua ni bogenvilia, mshubiri na waridi la jangwani. Kwa mti wa kivuli na mboga kwa pamoja ni mlonge, ambao ukikatwa unachipua tena bila kinyongo. Mipapai nayo hufanya vizuri, mradi ipate kinga ya upepo.

8. Chini ya mwarobaini wangu hakuoti kitu. Ni sumu?

Sababu kubwa ni kivuli na mizizi. Mwarobaini uliletwa kutoka pande za India na umeipenda Dodoma kwa sababu unajua kutafuta maji. Chini yake mti huo ndio unaokunywa kwanza. Usipande mboga ndani ya mzunguko wa matawi yake. Weka vyungu hapo, au benchi, maana kivuli kizuri kama hicho kukipigania na mchicha ni ubishi tu. Majani yake yaliyoanguka hayana shida kutumika kama matandazo, na mbegu zake utazihitaji (swali la 16).

9. Kiwanja changu kina mbuyu. Niung'oe?

Usiung'oe. Kama nyumba haijajengwa, sogeza ramani ya nyumba. Mbuyu hupukutisha majani kiangazi na kukaa na maji shinani, kwa hiyo hausumbui bustani kama mwarobaini. Maua yake meupe, makubwa, hufunguka jioni, na popo huja usiku kuyanywa na kuyachavusha. Kesho yake yanaanguka. Bila popo hakuna ubuyu wa kutia sukari na rangi, na hilo wakumbuke wale wanaotuuliza jinsi ya kufukuza popo.

## Wadudu na uharibifu

10. Nimeona mdudu kwenye mmea. Nipige dawa gani?

Umeona mdudu, lakini umeona uharibifu? Na je, mharibifu ni huyo uliyemwona? Maswali haya mawili yangeokoa nusu ya pesa zinazoishia kwenye maduka ya pembejeo. Wadudu wengi walioko bustanini wanapita, wanachavusha, wanakula takataka au wanakula wadudu wenzao. Mara nyingi anayeonekana mchana juu ya jani lililotoboka si aliyelitoboa. Mwenye kosa alikuja usiku, sasa amelala kwenye udongo chini ya shina.

Geuza jani uangalie chini yake. Rudi saa 2 usiku na tochi. Fukua kidogo kuzunguka shina. Ukishamjua, uliza kama mmea unashindwa kuvumilia. Mchicha wenye matundu mawili matatu unalika.

Ikibidi dawa, nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, chenye lebo inayosomeka, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Dawa ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiichukue hata kwa bure. Kupiga ovyo pia kuna malipo yake, kama utakavyoona kwenye swali la 14.

11. Mchwa wanamaliza miche na miti. Nitawamalizaje?

Hutawamaliza, na usitake kuwamaliza. Katika udongo wetu mkavu nyungunyungu ni wachache, na kazi yao hapa inafanywa na mchwa: kuvunjavunja majani makavu, kutoboa ardhi ili maji ya mvua yaingie, kupandisha udongo wa chini juu. Kumbikumbi wanaoruka mvua za kwanza, ambao watoto huwakinga kwa beseni chini ya taa, ndio mchwa walewale wakitafuta mahali pa kuanzisha kichuguu kipya.

Mchwa wengi hupenda kitu kilichokufa au kinachokaribia kufa. Ndiyo maana wanapanda sana Septemba na Oktoba, miti ikiwa na kiu na nyasi zimekwisha. Ukikuta tope lao juu ya gome, likwangue uangalie. Gome likiwa zima na bichi chini yake, wamekula ngozi kavu tu. Likiwa limetobolewa hadi kwenye mti mbichi, huo mti ulikuwa na shida kabla yao, mara nyingi ni maji.

Kwa hiyo mwagilia kwa kushibisha. Matandazo yawe umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, usiyagusanishe. Usitumie samadi mbichi yenye vijiti na mabua. Kwenye shimo la kupandia usiache mizizi mikavu wala vipande vya mbao za fundi, kosa la kawaida sana kwenye nyumba mpya za mitaa ya Kisasa na Ilazo. Wengine huzungusha jivu. Husaidia mpaka mvua inyeshe, na kwenye udongo wenye chumvi tumia kidogo.

Mchwa wa kwenye kuta na paa ni habari nyingine. Kwa hao tafuta fundi wa dawa za majengo.

12. Majani ya waridi na bogenvilia yamekatwa miviringo safi kama kwa mkasi. Ni kiwavi?

Kiwavi hula kwa kuparura, na huacha kinyesi. Mviringo safi pembeni mwa jani ni kazi ya nyuki mmojammoja, asiyeishi kwenye mzinga. Simama karibu na waridi asubuhi ya jua na utamwona: anatua ukingoni, anakata huku akijizungusha, na kipande kikikatika anakikunja chini ya tumbo na kuondoka nacho. Anakipeleka kwenye tundu la mwanzi au ufa wa ukuta, anatandika chumba, anaweka chavua, anataga yai moja, anafunika kwa kipande kingine. Halili hata chembe ya hilo jani. Waridi halifi kwa hilo, na maboga yako yanamhitaji. Mwache.

13. Majani ya nyanya yamejikunja na mengine yana mabaka. Ni ugonjwa gani?

Tenganisha dalili. Majani ya chini yakijikunja mchana wa jua kali na kukunjuka jioni, ni joto tu. Majani ya juu yakiwa madogo, ya njano pembeni, yamekunjamana na mmea umedumaa, ni virusi vinavyosambazwa na inzi weupe. Hakuna dawa ya virusi. Ng'oa mmea huo mapema.

Mabaka mapana, jani limebaki ngozi mbili tupu na ukiliinua kwenye mwanga unaona vichembe vyeusi vya kinyesi ndani, ni kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo, aliyethibitika kuingia Tanzania mwaka 2014. Hutoboa na tunda pia. Vichoro vyembamba vya kujipinda vyeupe ni vya mdudu mwingine mdogo na havina madhara makubwa. Kwa kantangaze chuma majani yaliyoathirika kila baada ya siku chache na kuyachoma au kuyafukia kwa kina, usiyatupe kwenye lundo la mboji. Usirudie nyanya, viazi mviringo wala bilinganya mahali palepale msimu unaofuata. Dawa anazizoea haraka, kwa hiyo ukitumia, badilisha aina kwa ushauri wa bwana shamba.

14. Kiangazi majani yanakuwa na vumbi la njano na utando mwembamba chini. Nimepiga dawa ya wadudu, yamezidi.

Ni utitiri mwekundu. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge, subiri kidogo. Vumbi likianza kutembea, umempata. Si mdudu wa miguu sita, ana miguu minane kama buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimuui. Zinachoua ni maadui zake waliokuwa wakimpunguza. Ndiyo maana yamezidi.

Anapenda ukavu na vumbi. Nyunyizia maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Miti iliyo kando ya barabara ya vumbi hushambuliwa zaidi, ioshe.

15. Sisimizi wamejaa kwenye mpapai na mlimau. Wanakula mti?

Wanafuga. Angalia kwenye vichipukizi: utaona vidukari, au kidung'ata mweupe mfano wa pamba. Hao hunyonya utomvu na kutoa maji matamu, sisimizi huyalamba na kwa malipo hayo huwalinda. Masizi meusi juu ya majani ni ukungu unaoota kwenye utamu uliodondoka.

Paka mafuta mazito kwenye kitambaa au nailoni uliyozungushia shina, usipake kwenye gome lenyewe, na kata matawi yanayogusa ukuta. Sisimizi wakizuiwa, walaji wa vidukari huingia kazini. Mmoja ni mbawakawa mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye watu wengi wanamfahamu. Mtoto wake wachache wanamfahamu: mrefu, mweusi, ana magamba na madoa ya rangi ya chungwa, na sura mbaya inayomfanya auawe kwanza. Huyo anakula vidukari mamia kabla hajakua.

16. Dawa ya mwarobaini inatengenezwaje, na inafanya kazi kweli?

Inafanya kazi kwa subira. Twanga gramu 500 za mbegu kavu zilizomenywa, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni ya kipande kidogo ishike kwenye majani. Piga jioni, kwa sababu jua linaiharibu. Rudia baada ya siku tano hadi saba. Majani nayo hutumika, ila nguvu iko kwenye mbegu.

Mdudu hafi papo hapo. Anapoteza hamu ya kula na anashindwa kujivua gamba akue. Anayetaka kuona maiti kesho asubuhi atasema haifai.

17. Nimekuta funza weupe wanene kwenye samadi. Niitupe?

Ni watoto wa mbawakawa, na wengi wao hula mbolea inayooza tu. Wachache hula mizizi. Chekecha samadi, wape kuku, endelea na kazi.

## Mvua za kwanza

18. Baada ya mvua wametokea vidudu vyekundu sana, laini kama mahameli. Ni kupe?

Si kupe, ingawa ni wa ukoo wao na wana miguu minane. Hawang'ati watu wala mifugo. Hukaa ardhini muda mrefu na kujitokeza siku chache za mwanzo wa mvua, kula mchwa na vidudu vingine, kisha hutawaona tena mpaka mwaka mwingine. Watoto huwatia kwenye kiberiti. Waruhusu, halafu jioni wawarudishe nje.

19. Jongoo wamejaa. Tofauti yao na tandu ni ipi?

Jongoo ana jozi mbili za miguu karibu kila pingili, anakwenda taratibu na akiguswa anajikunja. Tandu ni bapa, ana jozi moja kila pingili, anakimbia na anauma vibaya. Jongoo hula majani yaliyooza. Mara mojamoja huonja miche michanga. Majimaji anayotoa hutia doa ngozini na kuwasha macho, kwa hiyo mtoto aliyemchezea anawe mikono. Wafagie kwenye lundo la mboji, ndiko kwao.

20. Siafu wakiingia bustanini?

Fungulia kuku, bata, sungura na mbwa, kwa sababu kiumbe aliyefungwa ndiye anayekufa. Kisha kaa pembeni. Wataondoka wakiwa wamesafisha panya wachanga, mende na viwavi. Kuwamwagia mafuta ya taa kunawatawanya tu, na kunaharibu udongo.

21. Mbawakawa mweusi mwenye mikanda ya njano anamaliza maua ya bamia na kunde. Na ni kweli anaunguza ngozi?

Ni kweli. Akibinywa hutoa majimaji yanayotoa malengelenge. Mwokote asubuhi na mapema akiwa mzito kwa ubaridi, kwa glavu au mfuko wa nailoni, umtumbukize kwenye maji ya sabuni. Usimmalize wote ukiweza: watoto wa wengi wa jamii hiyo hula mayai ya panzi ardhini.

Yupo mwingine mdogo mwembamba, mwekundu na mweusi kwa vipande, anayefuata taa wakati wa mvua nyingi. Akitua mwilini mpulize. Ukimponda, nawa kwa sabuni mara moja na usishike macho.

## Wanaotisha

22. Kinyonga ana sumu? Nasikia pia ni mkosi.

Hana sumu. Mkosi ni wa panzi. Hula nzi na viwavi kwa ulimi unaoweza kuuzidi urefu wa mwili wake. Hubadili rangi kwa hofu, hasira na joto, si kwa kuiga kila kitu anachokanyaga. Jike hushuka kwenye mti na kuchimba shimo kutaga, na huo ndio wakati watu humkuta chini na kumpiga mawe. Mayai hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa. Ukimkuta njiani, mpe kijiti apande, umpeleke kichakani.

23. Na nge, mjusi kafiri na mijusi mingine?

Mijusi haina sumu, inakula mbu na mende. Nge ni wa kuheshimu. Hukaa chini ya matofali, mabati na magogo, kwa hiyo rundo la matofali yaliyobaki baada ya ujenzi lihamishe, na uvae glavu unapolihamisha. Kung'uta viatu vilivyolala nje. Mwenye mkia mnene na makucha membamba ndiye wa kuogopwa zaidi. Akimuuma mtoto mdogo, nenda hospitali bila kusubiri.

24. Bustani italeta nyoka? Kuna maua ya kuwafukuza?

Nyoka hafuati maua. Anafuata panya, vyura na mahali pa kujificha. Mchaichai, vitunguu saumu na mimea mingine inayouzwa kwa kazi hiyo haizuii nyoka. Kinachosaidia ni kufyeka nyasi ndefu, kuziba mashimo, kuhifadhi pumba na mahindi ndani ya vyombo vyenye mfuniko na kutembea na tochi usiku.

Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali. Usikate, usinyonye, usikaze kamba, na usipoteze muda kumsaka nyoka.

25. Kundi la nyuki limetua kwenye mti wangu.

Usiwachome moto, usiwapige dawa. Kundi linaloning'inia bila masega mara nyingi linapumzika na huondoka ndani ya siku chache. Weka mbali watoto, mbuzi na mbwa, na zima mashine zenye kelele. Wakianza kujenga, muite mfugaji wa nyuki aje jioni.

Ukiona vinyuki vidogo vyeusi vikiingia kwenye kijibomba cha nta ukutani, hao ni nyuki wadogo wasiouma. Waache hapohapo. Asali yao ni kidogo lakini bei yake haishikiki.

## Maswali ya pembeni

26. Zabibu itastawi uani?

Itastawi, hii ndiyo Dodoma. Chukua kipando kwenye mzabibu wenye afya, ujengee nguzo na waya, mahali pa jua na hewa. Hapa hukatiwa mara mbili na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, takriban Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Zao la masika ndilo lenye ubwiri mwingi, yaani ugonjwa wa ukungu. Kwa aina kama Makutupora Nyekundu na ratiba ya kukatia, waone TARI Makutupora, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania.

Nyuki na nyigu wanaoonekana kwenye vichala kwa kawaida huja kwenye punje zilizokwisha kupasuka au kudonolewa na ndege. Funika kwa neti, na malalamiko juu ya nyuki yataisha pamoja na ya ndege.

27. Nina watoto wadogo. Mimea gani nisipande?

Minyaa ya ua: maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kupofusha, na fundi anayeipogoa avae miwani. Mbono na mbarika: watoto hula mbegu zake wakidhani ni karanga. Waridi la jangwani ni zuri, ila utomvu wake ni sumu, liweke juu. Oleanda, acha kabisa.

28. Vyungu vya maua vinaleta mbu?

Visahani vya chini yake ndivyo vinavyoleta. Mbu hukamilika ndani ya siku 8 hadi 10, kwa hiyo mwaga kila wiki au jaza mchanga.

29. Vile vishimo vya mchanga chini ya upenu, vimechongoka kwenda chini, ni vya nani?

Ni mtego. Chini kabisa, amejifukia, kuna mdudu mdogo wa kijivu mwenye taya mbili ndefu. Dondosha sisimizi ukingoni utazame: mchanga unaporomoka, sisimizi anapanda, naye huku chini anamrushia mchanga mpaka ateleze. Baadaye huyo mdudu huota mabawa na kufanana na kereng'ende, anaruka usiku. Hana hasara yoyote kwa bustani. Fagio la asubuhi ndilo adui yake mkubwa, na bado jioni utakuta kachimba kingine.

30. Nimepiga dawa, kuku wamekula wadudu waliokufa. Mayai yanalika?

Siku za kusubiri kwenye lebo zimepimwa kwa mboga, hazisemi chochote juu ya mayai. Mweleze daktari wa mifugo jina la dawa uliyotumia, na mpaka akujibu mayai usiyale wala usiuze. Kuku wakilegea au kutokwa mate, mpigie siku hiyohiyo. Safari nyingine wafungie kabla ya kupiga, okota wadudu waliokufa uwafukie, na wafungulie majani yakishakauka kabisa. Kama kuku ndio wafanyakazi wako wakuu bustanini, tumia ya swali la 16.